Hodi ya Tatu

Bi Hafswa alikuwa na miguu ya kuvimba, na shule ile ina ngazi nyingi. Naanza hapo kusudi. Watu wakimsimulia huanza na zile simu, lakini uchovu ulikuwako kabla ya simu. Miaka ishirini na miwili alikuwa karani wa shule moja ya sekondari ya kutwa huko Junda. Ofisi iko chini karibu na lango, na madarasa ya kidato cha nne yako juu ghorofani. Wakuu wa shule wanne wamekuja na kuondoka, yeye yuko palepale, juu ya kiti kilekile ambacho mguu mmoja umefungwa kamba.

Kazi yake ilikuwa kupiga chapa na kupokea watu, na katika kupokea watu hana mfano. Ni binti wa muuza duka wa Kisauni, amekulia nyuma ya kaunta. Anajua kumsikiliza mtu mpaka amalize, hata yule anayeanza habari yake na arusi ya mwaka juzi. Wazazi walimpenda. Kumbe kupendwa nako kuna gharama yake.

Kisha ikaja sheria ya simu. Mwanafunzi asionekane na simu tangu kengele ya asubuhi hadi kengele ya jioni, na atakayeshikwa nayo, itiwe bahasha, iandikwe jina, ifungiwe katika kabati la karani mpaka shule ifungwe. Watoto walinuna, wazazi walinung'unika, na aliyeitetea kuliko wote alikuwa Bi Hafswa mwenyewe. Msimlaumu. Aliona kwa macho yake yaliyompata Kombe.

Kombe alikuwa mvulana wa kidato cha pili. Kipindi cha hesabu kinaendelea, simu iko mapajani chini ya dawati, akafungua kundi la ukoo wao. Shangazi yake mmoja, Mungu amsamehe, alikuwa ametuma picha ya mamake Kombe, yuko juu ya kitanda cha hospitali, amefunikwa shuka gubigubi, na chini yake vikaragosi vitatu vya kulia. Ndivyo mtoto alivyojua kwamba hana mama. Bi Hafswa ndiye aliyemwinua sakafuni, akashinda naye ofisini mpaka walipokuja watu wake.

Basi kwenye mkutano wa wazazi alisimama. "Habari ya kifo si ya kusomwa kwenye kioo," alisema. "Ni ya kuletwa na mtu, akaketi nawe, akakushika mkono. Afadhali waniletee mimi." Mwalimu mkuu, Bwana Kyalo, mtu wa Machakos mwenye haraka nyingi na moyo mwema, akapiga makofi na kusema kwamba basi, Bi Hafswa ndiye atakayetubebea. Hapa kwetu ndivyo mambo yalivyo: ukitoa shauri, unakabidhiwa na kazi yake.

Nambari yake ikachapishwa chini ya barua, ikaenda kwa wazazi mia sita. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wote mia sita wakamtupia makanda yao. Mwambie Fulani ufunguo uko kwa jirani. Mwambie asipite njia ya chini, kuna maji. Mwambie aje ale nyumbani, nimepika. Mwambie amesahau dawa ya pumu. Simu ililia tangu saa mbili, na alipoifunika kwa mtandio ili apumzike kidogo, iliendelea kutetemeka mezani.

Akajitengenezea utaratibu. Habari nyepesi aliziandika kwenye vipande vya karatasi, akampa Tsuma, mzee wa Kigiriama mpiga kengele na mfagia uwanja, naye akazipeleka madarasani. Habari ya msiba hakumpa mtu. Hiyo alipanda nayo ngazi mwenyewe, akasimama mlangoni mwa darasa, akamwita mtoto kwa jina lake na la babake, akamshika mkono. Aliona ndiyo heshima, na ilikuwa heshima kweli.

Lakini watoto si wajinga. Muhula mmoja uliwatosha kuelewa kwamba Tsuma akija ni ufunguo au chakula, na Bi Hafswa akija kuna mtu amekufa. Tangu hapo akawa hawezi kupita kwenye ukumbi wa madarasa bila watu kukata maneno. Darasa zima lilimtazama usoni, kila mmoja akiomba kimoyomoyo asiwe yeye. Wakampa jina: Bi Inna Lillahi. Alilisikia siku moja akiwa chooni, wasichana wawili wanasema nje. Alingoja mpaka waondoke ndipo akatoka, asije akawatia haya.

Mjumbe hauawi, wanasema. Hawakusema kama hachoki. Bi Hafswa alichoka, wallahi alichoka, na si miguu tu. Akifika nyumbani jioni alikaa barazani na viatu vyake miguuni, akakosa hata nguvu ya kuvivua.

Sasa kulikuwa na Lamis. Lamis Ghanim, wa kidato cha nne, msichana mwembamba wa Bombolulu, mwenye mwandiko mzuri kupita walimu wake. Babake, Mzee Ghanim, alikuwa mgonjwa wa figo, mwaka wa pili huo anapelekwa kuoshwa damu, na wa nyumbani walikuwa wamekwisha kujua mambo yanaelekea wapi. Wiki mbili kabla ya siku ninayoisimulia, Lamis alishikwa langoni na simu ndani ya soksi. Aliletwa ofisini, hakulia wala hakubisha. Aliiweka mezani mwenyewe.

"Shikamoo, Bi Hafswa."

"Marahaba, mwanangu. Na mtihani umefika, simu ya nini?"

"Sichezei. Nataka kujua tu. Baba akifa, nisije nikaambiwa jioni. Nataka nimuone kabla hajatolewa nyumbani."

Bi Hafswa aliichukua ile simu, akaitia bahasha. Sheria ni sheria, na siku za mtihani ndiyo zaidi: simu ikionekana tu, mtoto anaweza kufutiwa matokeo. Lakini alimhurumia, akasema neno ambalo hakuna mtu aliyemlazimisha kulisema. "Ikitokea, nitakuja mwenyewe. Sitakuficha. Mradi hujaniona mlangoni mwenu, jua babako ni mzima."

Tangu siku hiyo Lamis akawa anapita ofisini kila mchana, anapiga hodi, anatia kichwa tu. "Kuna habari?" Bi Hafswa hujibu, "Hakuna, mwanangu, kasome." Mtoto huondoka. Yalikuwa ni hayo tu, na wote wawili waliyategemea.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Kidato cha nne walikuwa wamemaliza karatasi ya asubuhi, wanangoja ya saa nane mchana. Bwana Kyalo alikuwa ameondoka kwenda kuichukua kule mitihani inakolindwa na polisi. Bi Hafswa alikuwa anajimiminia chai. Simu ikalia.

"Salaam aleikum, Bi Hafswa. Ni Zuhair wa Bombolulu, nduguye Ghanim."

"Waleikum salaam." Akaiweka chupa ya chai chini. Sauti ile aliijua kabla ya maneno.

"Ghanim katutangulia. Saa tatu hivi."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

"Twamzika leo inshallah, baada ya alasiri. Sasa nakuomba, dadangu. Mtoto yuwafanya mtihani. Asiambiwe. Akimaliza karatasi ya mchana, mwambie babake kazidiwa, aje nyumbani. Mengine tutamwambia sisi."

"Bwana Zuhair, akimaliza ni saa kumi. Alasiri ni saa tisa na nusu. Hatamkuta."

"Najua. Lakini ni wasia wa mwenyewe. Alisema hata akifa, Lamis asiondolewe kwenye mtihani. Nimekuwekea amana, Bi Hafswa."

Simu ikakatwa, chai ikapoa. Upande huu amana, upande ule ahadi, na ahadi ni deni, hilo hata mtoto mchanga analijua. Kutoka Junda hadi Bombolulu si mbali. Mtoto angeweza kwenda, akamuona babake amekwisha kuoshwa na kuvishwa sanda, akambusu kipaji, na saa nane akawa amerudi. Angeweza. Lakini je, ataandika nini akirudi? Na asiporudi, je? Mwaka mzima umekwenda, na wasia wa maiti umevunjwa na karani. Bi Hafswa alikaa na jambo hilo tangu saa nne na nusu mpaka saa sita, na mara tatu aliinuka kuelekea kwenye ngazi, na mara tatu akarudi kuketi.

Nitasema ukweli wake, kwa sababu baadaye aliusema mwenyewe. Hakutaka kupanda. Hakutaka kulisikia lile darasa likinyamaza, wala kuyaona yale macho arobaini. Miaka mitatu ya kusimama kwenye milango ilikuwa imemtosha, na siku hiyo hakupata ndani yake mtu wa kupanda zile ngazi.

Ndipo akapata akili. Mtu aliyechoka, Mungu amlinde na akili anayoipata. Alichukua kipande cha karatasi akaandika: "Lamis Ghanim. Mchana huu nenda ukale nyumbani. Mamako anakungoja." Akaisoma tena, akaridhika. Hakutaja kifo, kwa hiyo amana imetunzwa. Na mtoto akifika nyumbani atajionea mwenyewe, babake hajatolewa, kwa hiyo ahadi nayo imetunzwa, ijapokuwa nusu. Akamwita Tsuma.

Tsuma aliipokea, akamtazama. "Ni karatasi tu, Bi Hafswa?"

"Ni karatasi tu. Mpe mkononi mwake."

Mzee akaenda zake. Bi Hafswa akafunga mlango kwa ndani, akageuza komeo. Alijua mtoto atapita kuuliza kama desturi yake, na uso wake yeye hauna pazia. Lamis angeutazama mara moja tu akayajua yote.

Kengele ya chakula ikapigwa. Haikupita muda, nyayo zikaja.

"Hodi," ikasema sauti ya Lamis.

Bi Hafswa alishika mdomo kwa kiganja.

"Hodi, Bi Hafswa."

Bi Hafswa akawaza: amepata karatasi, yuko njiani kwenda, amepita kuniuliza kuna nini. Nenda, mwanangu, nenda upesi.

"Hodi."

Kwetu hodi ni tatu. Ya tatu ikikosa karibu, unageuka na kwenda zako bila kinyongo, maana mwenyewe hayupo au ana udhuru. Lamis alikuwa mtoto aliyefunzwa adabu. Nyayo zikaondoka. Bi Hafswa akashusha pumzi, akatandika msala, akaswali adhuhuri, akamwombea dua marehemu. Alipomaliza aliegemea kabati la zile simu za watu ili apumzishe miguu. Usingizi ukampitia palepale alipoketi.

Kengele ya saa nane ndiyo iliyomwamsha. Alijihisi mwepesi, kitu ambacho hakukihisi siku nyingi. Aliosha uso, akafungua mlango, akapokea simu mbili tatu za ufunguo na dawa. Alipotaka kumuuliza Tsuma, Tsuma alikuwa ametumwa dukani. Karibu saa tisa na robo Bwana Kyalo alimwomba awapelekee wasimamizi wa mtihani maji ya kunywa. Akapanda ngazi taratibu, chupa mbili mkononi.

Alipofika kwenye dirisha la chumba cha mtihani alitupa jicho ndani, na katika safu ya tatu akamwona Lamis. Ameinamisha kichwa upande, anaandika. Jambo la kwanza lililomjia lilikuwa fahari. Mtoto huyu, akasema moyoni, amekwenda kumuaga babake na amerudi kuandika, jamani moyo gani huu. Kisha akamtazama vizuri. Macho hayakuwa yamevimba. Uso ulikuwa umekunjuka, umetulia, uso wa mtu aliyelala vyema na kuamka kwao salama.

Bi Hafswa akachutama chini ya dirisha, na miguu ile ilivyo, asije mtoto akainua kichwa akamwona. Akaziweka chupa mlangoni, akashuka akishika ukuta. Tsuma alikuwa amerudi, yuko chini kwenye kengele.

"Tsuma, Lamis alikwenda nyumbani mchana?"

"Yule wa karatasi? Hakwenda popote. Alipoisoma alisema mamake huyo, anadhani nakufa njaa. Walikuwa pale na wenzake wanakula mahamri na kuulizana maswali." Tsuma akatabasamu. "Alikuwa akicheka. Siku nyingi sijamsikia akicheka yule."

Hapo Bi Hafswa akaelewa alichokifanya. Alikuwa amemfunza mtoto mwenyewe: mradi hujaniona mlangoni, babako ni mzima. Karatasi ya Tsuma ni habari ya chakula, shule nzima inajua hivyo. Alimtumia mtoto habari ya kifo katika mkono wa uzima, na mtoto akashukuru Mungu.

Akampigia Zuhair. Alitaka kumwambia mngojeni, hata nusu saa, mngojeni. Muadhini wa msikiti wa pale nyuma ya shule alikuwa ameanza kuadhini alasiri. Simu ya Zuhair ilikuwa imezimwa. Mtu anayeingia msikitini kuswalia jeneza la nduguye huzima simu, ndiyo heshima yake. Akapiga tena, akapiga ya nne, akapiga ya sita. Hapana kitu. Akabaki kusimama uani na simu mkononi, yeye aliyezifungia simu za watoto wa watu, hana wa kumpata.

Na kumtoa mtoto? Amtoe sasa, karatasi imefika nusu, ampeleke wapi? Kitanda kilikuwa kimekwisha kuwa kitupu.

Saa kumi ilipopiga alikuwa amesimama chini ya ngazi. Watoto waliteremka na kelele zao, wakamwona, kelele zikakatika. Walimpisha kushoto na kulia. Lamis alikuwa nyuma, anabishana na mwenzake juu ya swali la mwisho. Alipomwona Bi Hafswa aligeuka kutazama nyuma yake, kama wote wanavyofanya, kuona ni nani anayeitwa. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Ni mimi?"

"Ni wewe, mwanangu."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

Lamis alihesabu kimya, midomo ikicheza. "Wameshazika?"

Bi Hafswa akaitikia kwa kichwa.

Mtoto akatia mkono mfukoni mwa sketi, akatoa kile kipande cha karatasi, akakikunjua. "Ilikuja na Tsuma," alisema. "Nikasema alhamdulillahi, baba ni mzima. Lakini nikaja hata hivyo nikuulize. Nilipiga hodi tatu." Hakusema kwa kulaumu. Alieleza kama anavyoeleza mwanafunzi alipokosea hesabu, hatua kwa hatua, mwalimu aone. Ndipo akayumba, na Bi Hafswa akamshika. Kushika alikuwa anajua.

Alimpeleka nyumbani kwa tuktuk. Bombolulu walikuta wanawake wamejaa ndani, udi unafuka, kitanda kimesimamishwa ukutani na shuka zake zimeanikwa uani. Bi Noor, mamake Lamis, alikuwa ameketi mkekani, amekwisha kuingia edani. Alimvuta bintiye kifuani, wakalia wote wawili. Kisha akamshika Bi Hafswa mkono.

"Asante, dadangu. Umemwacha mtoto amemaliza mtihani wake. Babake yuko radhi huko aliko."

Na Zuhair, aliyerudi makaburini na udongo ungali kwenye kanzu, akasimama mlangoni akasema, "Umetunza amana, Bi Hafswa. Mungu akulipe." Wanawake wakaitikia amina. Mmoja akamletea kahawa. Mwingine akamwekea mto nyuma, maana waliona miguu yake. Kila shukrani ilimuuma kuliko tusi, naye akazipokea zote, akameza kahawa. Alimngoja Lamis aseme. Lamis alikuwa ameketi na sare yake ya shule, wino kidoleni, na hakumwambia mtu yeyote kitu.

Alipoinuka kuaga, Lamis akamsindikiza mpaka ukumbini, penye viatu vya watu.

"Bi Hafswa."

"Abee," akajibu, na neno lilikwisha kumtoka kabla hajalisikia, jibu la mdogo kwa mkubwa.

"Naomba simu yangu."

Sheria ilisema mpaka shule ifungwe. Yeye ndiye aliyeitetea mbele ya watu wote. Alisimama pale akitafuta kiatu chake kwa mguu, hakukiona.

"Nitakuletea kesho," alisema.

Lamis aliinama, akakiokota kile kiatu katikati ya vile vingine, akamwekea karibu na mguu.

"Mwenyewe," akauliza, "au utamtuma Tsuma?"